Hodi na Mwitikio

Penye paneli za jua huko Lusenda, simu hupangwa mezani zikichajiwa, moja ubavuni mwa nyingine kama ndakala walioanikwa. Mwenye meza hubandika kikaratasi cha jina juu ya kila moja ili asichanganye. Soma vikaratasi hivyo: majina mengi ni ya wanaume. Simu ya mama mara nyingi ni ile ambayo baba amemaliza kuitumia, au ile ambayo mtoto mkubwa anamshikia. Na bado, ndani ya simu hizo, hakuna anayezungumzwa kama mama. Anazungumzwa katika makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kanisa, ya wauza samaki, ya vijana wa Fizi walioko Lubumbashi na Nairobi. Watu wanabishana kama binti arithi shamba. Wanabishana kama mke aombe ruhusa ya kufanya biashara, na kama aliyebakwa aseme au anyamaze. Mwezi wa tatu unapofika, na vitenge vya tarehe 8, siku ya wanawake, vimevaliwa, mabishano hayo huwaka zaidi, kisha hufifia hadi mwaka mwingine.

Kwa muda mrefu nimejiuliza maneno hayo yote ni nini. Sijiulizi kama ni ya kweli au ya uongo, maana hilo lina watu wake wa kulichunguza. Nauliza yana maana gani: neno linapozunguka katika simu elfu moja, limefanya kazi gani duniani ambayo halikuifanya liliposemwa na mtu mmoja mlangoni?

Lusenda ni mahali pazuri pa kuuliza hivyo, kwa sababu pana zaidi ya neno moja kwa jambo hili la haki. Kambi yake ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 2015, katika teritori ya Fizi, Kivu Kusini nchini Kongo, kando ya barabara inayotoka Uvira kwenda Baraka, mlima upande mmoja na Ziwa Tanganyika upande wa pili. Walioingia ni Warundi waliokimbia fujo zilizoanza Aprili mwaka huo, Pierre Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu. Waliowapokea ni watu ambao wengi wao walikuwa wakimbizi kabla yao: vita ya mwaka 1996 iliwavusha watu wa Fizi na Baraka ziwa hilohilo hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ilianzishwa kwa ajili yao. Mwenyeji na mgeni wa Lusenda wote wanajua maana ya kupanga mstari na karatasi mkononi.

Mrundi akisema juu ya haki za binadamu hutumia neno *agateka*. Ndani ya neno hilo mna heshima: mwenye agateka ni mtu anayestahiwa, asiyedharauliwa. Wafanyakazi wa ONG wamekuja na Kifaransa chao na neno *jenda*, neno ambalo kambini limekuwa kama jina la semina. Watu huuliza, "Leo kuna jenda?" wakimaanisha, leo kuna mkutano na soda? Na sisi tuna *haki*.

Hebu tulitazame neno letu. Kwa Kiswahili mtu hudai haki, na mtu hutenda haki. Neno ni lilelile. Kifaransa kinagawa: kuna *droit*, ambayo ni yako, na kuna *justice*, ambayo hufanywa na wengine. Kiswahili hakikugawa. Anayedai na anayetenda wameshika kamba moja, huyu mwisho huu na yule mwisho ule. Mama akisema "nataka haki yangu", sentensi hiyo haijakamilika mpaka pawe na mtu upande wa pili anayeweza kusema "tutakutendea". Mmoja akiachia, kamba huanguka chini. Nadhani lugha ilijua jambo ambalo simu inatusahaulisha.

Kabla ya simu, neno lilikuwa na nyumba. Kwa Wabembe, wenyeji wa Fizi, nyumba hiyo ni *lubunga*, kibanda cha wazi ambamo wanaume hukaa, hula pamoja na kukata mashauri. Wanawake huleta chakula. Shauri la mwanamke lilizungumzwa humo na baba yake, mume wake au kaka yake. Yeye mwenyewe alilisikia kwa upepo. Sitaki kuipamba lubunga. Wasichana wengi waliozwa humo bila kuulizwa, na wajane walitolewa mashambani humo, kwa sauti ya upole na methali nzuri. Lakini lubunga ilikuwa na mambo mawili ambayo nayaona yamepotea. La kwanza, msemaji alikuwa na uso. Aliyemtukana mke wa mtu leo, kesho angekutana naye kisimani na kumwamkia. La pili, shauri lilikuwa na mwisho. Lingeweza kumalizika kwa dhuluma, ndiyo, lakini lilimalizika, na kila mtu alijua nani aliamua.

Kundi la WhatsApp ni lubunga isiyo na paa wala mwisho. Kwa miaka mingi lilichukua watu 256. Tangu mwaka 2022 limepanuliwa mara mbili, hadi watu 1,024. Hakuna lubunga ya Fizi iliyowahi kukaliwa na watu elfu moja kwa mara moja. Na msimamizi wa kundi tu ndiye mwenye uwezo wa kumtoa mtu nje. Hakuchaguliwa na ukoo wala hakupewa kiti na wazee. Alikuwa na simu siku hiyo kundi lilipoanzishwa, basi.

Mwanamke akiandika humo, hutokea nini? Nimeona mara nyingi. Mmoja humjibu, "Mama, hayo ni mambo ya ONG." Mwingine huweka picha ya kuchekesha. Wa tatu hutuma andiko la Paulo kwa Waefeso, bila mstari wa mbele kidogo unaomwamuru mume ampende mkewe. Kisha mtu huuliza bei ya mihogo Baraka, na neno lake linapanda juu ya kioo mpaka halionekani tena. Hakuna aliyelikataa, wala aliyelikubali. Alipiga hodi, watu wakaendelea kuzungumza ndani, mlango ukiwa wazi.

Hodi isiyoitikiwa, kwetu, si jambo dogo. Ukipiga hodi mara tatu nyumba ikanyamaza, unaondoka ukijua hapana mtu. Lakini ukipiga hodi na kusikia watu wanacheka ndani, unaondoka ukijua jambo juu ya nafasi yako.

Facebook ina tatizo la namna nyingine: huko neno huitikiwa sana, ila na hasira. Mwezi wa Oktoba 2021, nyaraka za ndani za kampuni hiyo zilipovuja, ilifahamika kwamba kuanzia mwaka 2017 mashine yao ilihesabu alama ya uso wa hasira kuwa na uzito mara tano ya alama ya kupenda. Uzito huo walikuja kuupunguza, lakini fikiria maana yake. Mtu aliyeandika kwamba binti na kijana warithi sawasawa, akatukanwa na mia mbili, alisukumwa mbele ya macho ya maelfu kwa sababu ya yale matusi. Aliyemweleza jirani kwa utulivu jinsi sheria inavyosema, jirani akaelewa na kunyamaza, hakusukumwa popote. Mashine ilipima kelele ikaziita mazungumzo. Kwa hiyo watu wengi wa Fizi wanaijua parité, yaani usawa wa wanawake na wanaume, kama ugomvi kabla hawajaijua kama sheria, ingawa sheria yenyewe ipo, ya tarehe 1 Agosti 2015, na Katiba ya mwaka 2006 katika kifungu cha 14 ilikwisha kuitaja.

Ningekoma hapo, makala hii ingekuwa malalamiko ya mzee dhidi ya simu. Sina haki ya kukoma hapo.

Tarehe 13 na 14 Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi Bujumbura, redio binafsi za Burundi zilishambuliwa: RPA, Bonesha, Isanganiro, na televisheni ya Renaissance. Nchi ikawa karibu bubu ndani ya siku moja. Waandishi waliobaki na waliokimbia walianza kutuma habari kwa simu; SOS Médias Burundi ilizaliwa mwezi huohuo kwenye mitandao, bila mnara wala studio ya kuchomwa moto. Mkimbizi wa Lusenda aliyetaka kujua kama mtaa wake bado umesimama alijua kwa odio, dakika tano za sauti zilizopita mkono kwa mkono hadi kwenye simu yake. Redio ya zamani ilikuwa ya mwenye redio, na kwa kawaida mwenye redio alikuwa baba, ndiye aliyeshika kitufe. Odio inaweza kusikilizwa na mama peke yake, simu sikioni, sauti ya chini, usiku wakati sombe inachemka kwa ajili ya kesho.

Sikio hilo la usiku ni jambo kubwa. Lubunga ilimnyima mwanamke kusikia kabla ya kumnyima kusema. Sasa anasikia. Anasikia kwamba Burundi haina sheria ya urithi inayomtaja binti, mila ndiyo inayoamua. Na kwamba hapa alipokimbilia, Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 inawahesabu watoto wote wa marehemu kuwa warithi, wa kike na wa kiume. Anasikia kwamba sharti la ruhusa ya mume, lililomfunga mke wa Kongo asisaini mkataba wala kusimama mahakamani bila mumewe kukubali, liliondolewa na sheria ya Julai 2016. Mjane anayewaza kurudi nyumbani, akijua mashemeji wamekwisha kulima shamba la mumewe, analala na mambo hayo mawili kichwani: upande huu wa ziwa mtoto wake wa kike ana fungu, upande ule hana. Hakuna semina ingeweza kumpa usiku huo.

Basi simu imempa mama sikio, na imempa mdomo pia. Kilichobaki ni mtu wa kumwitikia, na huyo haletwi na mega, hata ununue za mwezi mzima.

Ninaposema mwitikiaji, ninawaza Baraka, Februari 2011. Siku ya Mwaka Mpya wa mwaka huo askari wa jeshi la taifa waliingia katika nyumba za mji wa Fizi, wakabaka wanawake, wakapiga, wakapora. Zamani jambo kama hilo lingemezwa na milima. Safari hii majaji wa kijeshi walisafiri hadi Baraka na kufungua mahakama ya kuhama. Wanawake 49 walisimama wakasema. Tarehe 21 Februari, siku hamsini na moja baada ya tukio, Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Katika mashariki ya Kongo hakuwahi kuonekana kamanda wa cheo hicho akihukumiwa kwa ubakaji namna hiyo.

Linganisha sasa. Wanawake 49, chumba kimoja, majaji wachache. Kwa hesabu ya mitandao ni umati mdogo sana, hautoshi hata kundi moja la kanisa. Lakini kila neno lao lilikuwa na mtu aliyelazimika kulipokea: karani aliyeliandika, wakili aliyelipinga, jaji ambaye alipaswa kusema ndiyo au hapana kwa sauti, na kamanda aliyekaa pale akilisikia. Neno lilifika, likageuka kitu kingine. Likawa miaka 20. Siwezi kuficha upande wa pili: fidia ambazo mahakama za kuhama ziliamuru katika Kivu mara nyingi hazikulipwa, na wanawake wengi wa nchi hii wamebaki na karatasi ya hukumu sandukuni. Lakini hata kutolipwa huko kunaweza kutajwa kwa jina. Tunajua nani anadaiwa. Odio iliyosambazwa mara elfu kumi haimdai mtu yeyote.

Nilijifunza hilo kwa kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilipokea sauti ya mwanamke akieleza aliyotendewa njiani akitoka shambani. Alilia katikati. Nilishikwa na uchungu, na uchungu ule niliuchukua kuwa ni wema. Nikaisambaza katika makundi matatu na maneno "Dunia isikie". Jioni hiyo nilijiona nimefanya jambo. Wiki mbili baadaye niliisikia sauti ileile ikitoka katika simu ya kijana asiyenijua, kwenye kituo cha pikipiki, na wenzake wakibishana kama analia kweli au anaigiza. Mmoja alidhani ameitambua lafudhi. Akataja kijiji.

Mwanamke yule alisema na mtu mmoja, pengine dada, pengine mhudumu wa afya. Kuna aliyechukua neno lililokuwa na mwitikiaji mmoja na kuligawa kwa watu elfu wasiolazimika kuitikia. Nami nilikuwa mmoja wa wagawaji. Tulidhani tunalikuza, kumbe tulikuwa tunalimwaga. Tangu mwaka 2016 WhatsApp imefunga ujumbe kwa namna ambayo kampuni yenyewe haiwezi kuusoma, na ni jambo jema kwa anayejificha. Lakini maana yake pia ni kwamba sauti ile, ikishatoka, hakuna ofisi duniani inayoweza kuirudisha. Kampuni ilipoona hatari ya uvumi iliweka mipaka: mwaka 2019 ujumbe usipelekwe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mkupuo, na Aprili 2020 ule uliosambazwa mno uende kwa mtu mmoja au kundi moja tu. Mipaka hiyo inapunguza mwendo. Haimrudishii mwanamke siri yake. Kongo nayo ina Sheria ya Dijitali tangu Machi 2023, inayoadhibu unyanyasaji wa mtandaoni. Namwomba msomaji ajiulize ni mama gani wa Lusenda ataipeleka simu yake mbele ya mwendesha mashtaka ili kuthibitisha aibu yake mwenyewe.

Wanawake wa Kivu Kusini walikuwa wamelijua jambo hili kabla yetu. Chama cha wanahabari wanawake, AFEM, kilichoanzishwa Bukavu mwaka 2003, Chouchou Namegabe akiwa miongoni mwa waanzilishi, kilipeleka sauti za walionusurika redioni wakati ambapo wengi waliona aibu hata kulitaja jambo lenyewe. Hawakutuma sauti hewani na kwenda kulala. Pembeni ya redio waliweka vilabu vya wasikilizaji: akina mama wakae pamoja, wasikilize pamoja, waulizane tufanye nini. Redio ilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Mkeka ulikuwa kazi yenyewe. Na mwaka 2015 vuguvugu la Rien sans les femmes, Hakuna kitu bila wanawake, lilipoanza huko Kivu kupinga kifungu cha sheria ya uchaguzi kilichoruhusu orodha za wagombea zisizo na mwanamke hata mmoja, wanawake walizunguka na karatasi wakakusanya sahihi zaidi ya laki mbili. Karatasi hizo zilikuwa na anwani: Bunge. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, na orodha yenye nusu ya wanawake ikasamehewa ada ya uchaguzi. Ni nusu ya walichotaka, pengine robo. Lakini ni jibu, na lina tarehe.

Aprili 2024 nchi ilipata waziri mkuu mwanamke, Judith Suminwa. Picha yake ilizunguka Lusenda siku aliyoteuliwa, na makundi yakalipuka kwa furaha na kwa kejeli. Binti wa miaka kumi na minne aliyeiona picha ile kwenye simu ya baba yake aliona kitu ambacho bibi yake hakukiona maisha yake yote. Hilo sitalidharau. Ila siku hiyohiyo, katika kundi lilelile, mama mmoja aliuliza kama kuna anayejua ni wapi apeleke kesi ya shamba alilonyang'anywa. Nilihesabu. Picha ilipata majibu sitini na mbili. Swali halikupata hata moja, langu likiwemo katika ukimya huo, maana niliona nikapita.

Sasa nawaambia wenye kusimamia makundi, na mko wengi, Baraka, Fizi, Lusenda, Mulongwe, na ninyi mlioko Nairobi na Ulaya mnaotutumia mega. Mwanamke akiuliza katika kundi lenu, asipite bila jibu, hata kama jibu ni "sijui, lakini nitamuuliza fulani na kesho nitakuambia". Sauti yake isitoke nje ya kundi kabla hajaulizwa kama anataka itoke. Na kama katika watu wenu mia mbili hamna anayejua ofisi ya mwanasheria iko wapi, mtafuteni mtu huyo wiki hii, mmwingize, mmtambulishe kwa kazi yake. Yule mama wa shamba nilimwandikia baadaye, nikichelewa siku tisa. Alinijibu neno moja: "Karibu."

Nilidhani amekosea, kwamba alitaka kuandika asante. Sasa naamini hakukosea.